Majamvi Matatu ya Kona ya Musa



Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri, katika Shaaban ya mwaka 1446, sawa na Februari 2025, lori lililobeba vyombo vya watu waliohama Uingereza liliposimama Kona ya Musa na kushindwa kuingia ndani. Wenyeji mnaujua mtaa wetu. Nyumba zimekaribiana, vichochoro vinapindana, na waya za umeme zimelegea kiasi kwamba mtu aliyejitwika kitanda hulazimika kuinama. Dereva alishuka, akautazama mnazi uliolalia njia, akatikisa kichwa. Basi vyombo vikateremshwa pale pale alipoishia, na vijana wa madrasa wakavivuta kwa mkokoteni mpaka uani kwa bibi mmoja, jirani yetu wa miaka mingi.

Uani hapo palikuwa pametandikwa majamvi matatu. Sisi ndio tulioagiza yatandikwe, na sababu ya kuyaagiza ndiyo inayotufanya tuandike juma hili. Mwenye mzigo ametupa ruhusa kuyasimulia haya, kwa sharti kwamba jina lake na la marehemu yasitajwe.

Mwana wa bibi huyo aliishi na mkewe na watoto wao watatu katika mji wa Leicester kwa miaka kumi na mmoja. Katika mwezi wa Safar alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akazikwa huko huko. Mjane akakaa eda yake miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yao. Kabla haijamalizika alikuwa amekwisha kukata shauri kurudi kwa mavyaa wake, watoto wasome karibu na bibi yao. Alitupigia simu kuuliza kuhusu vyombo. Tukamjibu kwa maneno machache, na maneno hayo tunayajutia: "Pakia vyote, mwanangu, mengine tutayatazama huku." Hatukumuuliza ni vyombo vya nani.

Wazee wetu wa pwani hii hawakuwa wageni wa kuhama na mali. Vyombo vya Vanga, Wasini na Gazi vilikwenda Pemba, Tanga na Unguja, na majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi na kurejea na kusi. Abiria alikuwa na sanduku lake, jamvi lake na mtungi wake. Nahodha aliyajua masanduku kwa wenyewe, na mtu akifa safarini sanduku lake lilifungwa mpaka lifike kwa warithi. Siku hizi mtu huhama na nyumba nzima ndani ya chuma kimoja. Kontena la futi ishirini huchukua kama mita thelathini na tatu za ujazo, na gari dogo likiingizwa nyuma, betri imefunguliwa na magurudumu yamefungwa yasiyumbe, mbele yake hubaki nafasi ya vitanda, majokofu na maboksi ya nguo. Wapo wanaolipeleka gari peke yake kwa meli za magari, ambamo huendeshwa likaingia na kutoka. Njia hiyo mara nyingi huwa nafuu, ila makampuni mengi hayakubali gari lisafiri na vyombo ndani yake. Mjane wetu alichagua kontena. Meli nyingi zilikuwa bado zinaikwepa Bahari ya Sham kwa sababu ya mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa 2023, zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, kwa hiyo mzigo wake ulikaa baharini takriban wiki saba. Yeye na watoto walitangulia kwa ndege mwezi wa Januari.

Hapa tusimame kidogo, maana kina mama wengi wametuuliza habari ya ushuru.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humpa msamaha mtu anayerudi kuishi kwao. Sharti awe ameishi nje miaka miwili au zaidi, na katika miaka hiyo miwili asiwe amekaa nyumbani zaidi ya siku tisini kwa matembezi. Vyombo vyake vya nyumbani alivyovitumia huingia bila ushuru, na gari moja pia, likiwa ni lake mwenyewe, amelimiliki na kulitumia huko si chini ya miezi kumi na miwili, na muda wa kusafirishwa hauhesabiwi. Mzigo ufike ndani ya siku tisini tangu yeye kuwasili, ingawa Kamishna anaweza kumwongezea muda. Hapa Kenya gari liwe na usukani wa kulia, na lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ndugu zetu walioko Oman na Imarati, ambako usukani ni wa kushoto, hawawezi kuja na magari yao. Wao wameruhusiwa kununua la usukani wa kulia ambalo thamani yake haizidi ya lile walilokuwa nalo, kwa masharti yake.

Msamaha huo si kitu kidogo. Asiyekuwa nao hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, na juu ya jumla hiyo kodi ya VAT ya asilimia 16, bila ya ada nyengine. Gari la mama wa kawaida, la kupelekea watoto shule, laweza kudai fedha za kujengea vyumba viwili. Ndiyo maana watu huazimana majina. Fulani anarudi kutoka Uingereza, hana gari, basi jamaa yake humwomba aingize la kwake kwa jina lake. Tumeulizwa mara nyingi kama hilo ni kusaidiana. Jawabu letu ni kwamba huko ni kusema uongo kwa maandishi, na mwenye kutia saini ndiye atakayeulizwa, duniani na akhera.

Lakini jambo la jirani yetu halikuwa jepesi kama hilo. Gari lilisajiliwa kwa jina lake. Hati yake ya Uingereza, ile iitwayo V5C, ilikuwa mkononi, na taarifa ya kulitoa nchini moja kwa moja ilikwisha pelekwa kwa idara ya magari ya huko. Kwa macho ya wakala wa forodha hapakuwa na la kuuliza. Wakala alimwekea karatasi mbele yake na kumwambia aweke saini kwamba gari ni mali yake.

Shemeji yake, nduguye marehemu, ndiye aliyeleta neno. Alisema gari lilinunuliwa na nduguye, kila mtu alijua hivyo, kwa hiyo ni la urithi. Hilo lilikuwa dai lake, na mtu ana haki ya kudai. Kilichotushitua ni alichokiongeza: "Shemeji, bandarini tia saini ni lako, ili ushuru usamehewe. Likifika nyumbani tutaligawa kama tirka."

Usiku ule mjane alikuja kwetu baada ya Ishaa, amefuatana na mavyaa wake na shemeji yake. Tuliketi barazani. Kontena lilikwisha shushwa, na siku za bure za bandari zilikuwa zinakwisha. Zikishapita, kila kunapokucha kuna malipo ya kuhifadhi mzigo, na mwenye kontena naye hudai yake.

Tulianza na jambo ambalo halikumpendeza shemeji. Marehemu ameacha mama, mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baba alikwisha tangulia. Kwa mujibu wa aya za mirathi katika Suratun-Nisaa, mama ana sudusi na mke ana thumni. Tukiigawa tirka mafungu ishirini na manne, mama huchukua manne, mke matatu, na kumi na saba yaliyobaki ni ya watoto, wa kiume fungu mara mbili ya wa kike. Ndugu hana kitu, kwa sababu mwana wa kiume amemzuia. Shemeji alinyamaza. Sisi Wadigo tuna historia yetu katika hili. Zama za babu zetu mali ilifuata upande wa mama, mjomba akarithiwa na mpwa, na kesi baina ya ada ile na sheria ziliwagombanisha watu wa Kwale kwa miaka mingi. Bado wapo wanaodhani kwamba ndugu wa tumbo moja hawezi kukosa.

Alipozungumza tena alizungumza vizuri, na haki tuiseme. "Sheikh, mimi sitaki kitu. Lakini hao ni mayatima. Kama gari ni la urithi, fungu kubwa ni lao. Mkisema ukweli bandarini, serikali itachukua ushuru, na itakuwa imekula mali ya mayatima. Mkinyamaza, mayatima wamepona."

Maneno haya yalitupata. Hatukuwa na jawabu la haraka, na tayari tulikuwa tumeshajifunza kwa simu ya Leicester nini hufuata jawabu la haraka. Tuliomba tupewe mpaka kesho.

Tuliyowaambia kesho yake ni haya. Gari haliwezi kuwa na wenyewe wawili kwa saa mbili tofauti za siku. Likiwa la mjane, ni lake bandarini na ni lake Kona ya Musa, wala hakuna wa kuligawa. Likiwa la marehemu, basi si lake hata pale penye karatasi, na msamaha uliowekwa kwa mwenye gari haumhusu. Tena msamaha wenyewe una mkia: gari lililosamehewa likihamishiwa mtu mwengine kinyume cha masharti, ushuru ule hurudi kudaiwa. Na tirka ya gari hugawika vipi bila kuliuza? Kwa hivyo hata yale manufaa ya mayatima yaliyosemwa usiku yalikuwa ya kukopa. Kwanza ijulikane mwenye gari ni nani, kisha karatasi ifuate.

Hati ya usajili haikutosha kulimaliza. Kule Uingereza karatasi ile yenyewe inaeleza kwamba anayetajwa humo ni mwenye kuliweka gari na kuwajibika nalo, na kwamba si ushahidi wa kumiliki. Tukamuuliza mjane: je, marehemu alikupa? Maana hiba nayo ina mlango wake; hutimia kwa kupokewa, na anayedai kupewa huleta ushahidi. Akasema, "Sheikh, hatukuwahi kusemeshana hivyo. Yeye alikwenda kulitafuta, yeye alipatana bei, mimi nikawa naliendesha. Sote tulisema gari letu."

Ni mara ngapi tumelisikia neno hilo, letu! Lina mapenzi ndani yake, na wenye ndoa njema hawana haja ya jengine. Ila likishafikwa na mauti halimwambii mtu kitu.

Ni binti yake wa miaka kumi na mitano aliyesema, "Mama, si ulilipa wewe?" Akafungua simu. Ilikuwemo picha ya stakabadhi ya duka la magari, jina la mama yake, na taarifa ya benki ya siku ile ile: fedha zimetoka katika akaunti ya mama. Ndipo mjane alipotueleza. Kwa miaka minne alifanya kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee wasiojiweza. Mume alilipa kodi ya nyumba na chakula, na mshahara wake yeye uliwekwa. Gari lilitoka katika akiba hiyo. Tulimuuliza kama akaunti ile iliwahi kuingia fedha za mumewe. Akafikiri, akasema hapana, na kwamba yuko tayari kuapa. Tukamuuliza basi kwa nini hakulitaja jambo hili siku zote hizo. Akajibu kwamba alidhani mume akishakwenda dukani na kupatana bei, mali ni ya mume.

Huyu ni mwanamke aliyesoma madrasa hapa hapa, mbele yetu. Tulimfundisha twahara, tukamfundisha swala na tajwidi. Kwamba mshahara wa mke ni mali ya mke, na kwamba hakuna anayeugusa ila kwa ridhaa yake, pengine tulilitaja siku moja kwa haraka tukapita.

Sisi si makadhi. Tuliwaambia kwamba shemeji akiendelea kudai, mahali pake ni Mahakama ya Kadhi, na Kadhi ndiye anayesikiliza ushahidi na kuapisha. Bibi akamtazama mwanawe, akasema, "Mimi nina fungu langu kama ni la urithi. Nakiri mbele ya Sheikh kwamba sina. Wewe wasemaje?" Tukamweleza bibi kwamba ikrari yake yamfunga yeye tu, haiyagusi mafungu ya watoto wadogo. Akasema analijua hilo. Shemeji alizitazama karatasi zile kwa muda mrefu, moja moja, akazirudisha. "Gari ni la shemeji," akasema. Hata hivyo tulitaka mambo ya mayatima yasiegemee maneno ya barazani; mjane alizipeleka nakala kwa Kadhi pamoja na orodha ya mirathi, na ziko katika faili.

Siku nne zilikuwa zimepita na gharama za bandari zimepanda. Alilipa kwa kuuza bangili mbili. Akatia saini ile karatasi, akiwa na hati ya gari, pasipoti, namba yake ya PIN na stakabadhi ya ununuzi, na kila neno lililokuwamo lilikuwa kweli. Kontena likafunguliwa mbele ya maofisa na kukaguliwa. Gari likabaki Mombasa kungojea usajili na namba za Kenya, na vyombo vikapakiwa lori, vikaja kwa barabara ya Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri ya Likoni.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye majamvi matatu. La kwanza lilikuwa la mjane na watoto, vitu vyao wenyewe. La pili lilikuwa la marehemu: nguo zake, viatu, baiskeli, zana zake za useremala, maboksi mawili ya vitabu, saa ya mkononi. Hiyo ndiyo tirka, hata kijiko chake, na kabla ya kugawiwa hutolewa madeni, ikiwemo sehemu ya mahari iliyokuwa bado haijalipwa. Sheria ya forodha nayo inavijua vitu hivi. Ina kifungu cha vyombo vilivyotumika vya aliyefariki, vinavyokuja kwa warithi wake wala si kwa kuuzwa. Jamvi la tatu lilikuwa la watu wengine. Hilo lilitushangaza kwa ukubwa wake. Kila aliyesikia Leicester kwamba kontena laelekea pwani alileta furushi: cherehani ya kwenda Msambweni, viti vya magurudumu viwili, nguo za Idi za watoto wa Tiwi, boksi lisilo na jina lililozibwa kwa gundi ya plastiki.

Kazi ya kuvitenga ilichukua Alasiri mbili. Vingine vilikuwa vyepesi. Vingine vilihama jamvi mara tatu. Zulia alilinunua marehemu, lakini kwa fedha alizopewa mkewe na wenzake alipojifungua. Mashine ya kufulia ilinunuliwa kwa nusu kwa nusu, na risiti hakuna. Mjane alisema iwekwe jamvi la marehemu yote, yeye atainunua kutoka tirka kwa bei ya soko, kwa idhini ya Kadhi. Hatukumshauri hivyo, ilikuwa kauli yake. Watoto walikaa kizingitini wakitazama nguo za baba yao zikikunjwa, na mdogo wao aliomba kofia. Bibi akauliza kama kofia ni urithi. Tukasema ndiyo, ni urithi, kisha bibi, mama na dada mkubwa tukawaona wakitazamana, na bibi akaivisha kichwa cha mtoto kwa fungu lake mwenyewe.

Enyi mlioko ng'ambo na mnaojiandaa kurudi, na nyinyi mnaojiandaa kwenda: orodha ambayo wakala wa usafirishaji hutaka, ya kila boksi na kilichomo, iongezeeni safu moja ya mwenye kitu. Iandikeni mume na mke pamoja, mkiwa wazima, mkinywa chai. Stakabadhi za vitu vikubwa zipigeni picha. Na furushi la mtu lisilofunguliwa mbele yenu msilipokee, hata awe nani, kwa kuwa bandarini mtaulizwa nyinyi. Lile boksi la gundi tulilifungua mbele ya mashahidi. Lilikuwa na simu mpya kumi na mbili, na mjane alikuwa ameshaweka saini kwamba kontena lote ni vyombo vya nyumbani vilivyotumika. Alirudi Mombasa asubuhi yake kuzitangaza na kuzilipia ushuru, na aliyezituma hajarudisha fedha hizo mpaka leo tunapoandika.

Gari lilifika baada ya Idi. Limeegeshwa chini ya mwembe, nje ya uwa, kwa sababu kichochoro hakilipitishi. Safari yake ya kwanza ilikuwa kumpeleka bibi hospitali ya Msambweni kwa miguu yake iliyovimba. Shemeji ndiye aliyemfungulia mlango, akakaa nyuma na watoto.